Jani Ambalo Shimwa Hakuliponda

Kila asubuhi Shimwa alipanda mlima wa Gikondo kwenda shule, akipita kando ya gereji na maghala. Jumatatu ile alitembea haraka kuliko siku zote, maana daftari lake la maua ndilo lililochaguliwa kusomwa mbele ya darasa la sita.

Ijumaa walikuwa wameshuka bondeni, kwenye kijisitu ambacho ardhi yake haikauki mwaka mzima. Mwalimu Mukashema aliwafundisha kutambua maua ya mwitu: kutazama petali, jani na mahali ua linapoota, kisha kuponda jani na kulinusa. Wengi walipata ua la rangi ya waridi lenye mkia mwembamba nyuma yake, lipendalo maji na kivuli. Shimwa alikuwa na viatu vipya, akaogopa matope. Alibaki njiani, rafiki yake Arnaud akamvunjia tawi lenye maua meupe. Akaandika: "Umuravumba, dawa ya kikohozi. Nimeponda jani, nimenusa." Hakuponda wala hakunusa. Aliona tu linafanana na picha ya umuravumba ambayo Mwalimu aliwaonyesha.

Jioni ile jirani yao, Umulisa, aliliona tawi mkononi mwake akauliza ni la nini. Mama yake Umulisa, bibi mzee aliyeitwa Mukecuru Harriet, alikuwa akikohoa wiki nzima. Shimwa alimjibu kwa kujiamini, akampa tawi lote na kumwelekeza lilikoota. Umulisa alimshukuru sana. Alisema angechuma mengine baada ya ibada ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi amchemshie mama yake, anywe saa nne.

Sasa, Jumatatu darasani, ilikuwa saa tatu na nusu. Kabla ya daftari kusomwa, Mwalimu alipitisha tawi la umuravumba halisi ili kila mtu aponde jani lake. Harufu kali ilimfikia Shimwa kabla ya tawi lenyewe. Jani lilikuwa laini kama kitambaa chenye manyoya, likinata vidoleni. Tawi la Ijumaa lilikuwa na majani yanayoteleza, yasiyonata, na alilibeba hadi nyumbani bila kusikia harufu yoyote.

Arnaud alimwona alivyobadilika, akamnong'oneza anyamaze, kwani kila mtu angemcheka. Shimwa alifumba macho, akamwomba Mungu nguvu. Kisha akasimama.

"Mwalimu, nilidanganya. Sikuponda jani. Na sasa hivi Umulisa, jirani yetu, anamchemshia mukecuru wake majani niliyomwonyesha."

Mwalimu hakumgombeza. Alimwomba namba ya Umulisa, akapiga, lakini simu ilikuwa imezimwa. Akamwomba mwalimu wa darasa la jirani aliangalie darasa, kisha yeye na Shimwa wakateremka mlima wakikimbia. Njia nzima Shimwa alirudia sala moja tu: Mungu wangu, asiwe amekunywa.

Mukecuru Harriet alikuwa ameketi mlangoni, kikombe mikononi, akipuliza mvuke.

"Mukecuru, tafadhali usinywe," Shimwa alisema, pumzi zikimwishia.

"Sijanywa, mwanangu. Nangoja ipoe. Meno yangu haya mawili hayataki moto."

Umulisa alitoka jikoni, na Shimwa akamweleza yote mwenyewe, machozi yakimtoka.

"Ningemnywesha mama yangu kwa mkono wangu," alisema Umulisa, akichukua kikombe mikononi mwa mama yake.

Mwalimu aliponda jani moja lililobaki, akalinusa, akatikisa kichwa. Umulisa akamuuliza kama ni sumu.

"Silijui," Mwalimu alijibu. "Huenda lina sumu, huenda halina. Kwa hiyo halinyweki."

Dawa ikamwagwa chooni, na Umulisa akampeleka mama yake kituo cha afya, ambako alipimwa na kupewa dawa ya kikohozi.

Wakipanda mlima kurudi shuleni, Mwalimu alipunguza mwendo ili Shimwa amfikie.

"Kutojua jina la ua si aibu," alisema. "Hata mimi leo nimeshindwa. Kosa ni kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Mtu aliamini neno lako, akaweka sufuria motoni. Leo Mungu ametuwahisha, tumshukuru. Lakini usimwachie tena kazi uliyopaswa kuifanya wewe."