Mbuzi wa Mkono wa Kushoto

Haya yalimkuta rafiki yangu Smaranda, alipokwenda kanisa la mbao huko Maramureș kuupangusa vumbi mchoro wa kale wa Kiyama: kondoo waliookoka kuume, mbuzi waliolaaniwa kushoto.

"Ukimaliza, toka kinyumenyume," alimwonya Bibi Floarea, mlinzi wa kanisa. "Mbuzi wale hawapewi kisogo."

"Bibi nawe! Mbuzi wa wino atanipiga pembe?" Smaranda akacheka, akajifungia ndani kwa ufunguo wenye uzi mwekundu, akauacha mlangoni.

Alipomaliza, aligeuka tu, taa ikazimika. Nyuma yake kwato zikagonga mbao, ko, ko, zikampita ubavuni, zikarudi. Akapapasa mlango: umefungwa, ufunguo haupo. Akawasha kiberiti.

Mchoroni, mbuzi wa mbele alikuwa na ufunguo shingoni, uzi wake mwekundu. Wino ulikuwa bado mbichi.