Mgeni wa Kiti cha Tatu

Tangi la maji machafu lilijaa kabla ya wakati wake. Verlyn Tvedt aliinama kando ya gari, akakitazama kipimo, akakigonga kwa ukucha. Wazee wawili wanaooga kwa kubana maji hawawezi kulijaza tangi lile kutoka mbuga ya Badlands hadi ile ya Wind Cave.

"Marlys, umekuwa ukioga bila mimi kujua?"

"Naoga unaponiona naoga," mkewe alijibu kutoka dirishani. "Au unadhani nimeficha bwana mwingine humu ndani?"

Verlyn alicheka kidogo, kwa uchovu, akaenda kulimwaga.

Alikuwa dereva wa basi la shule mjini Fergus Falls, Minnesota, hadi alipostaafu. Ndipo wakauza nyumba, wakanunua gari hili lenye kitanda na jiko, wazione zile mbuga na ngome walizozijua kwa picha za kalenda. Sasa ilikuwa kiangazi cha pili. Mabonde yalianza kufanana. Magoti yalimuuma Marlys, na Verlyn alikuwa akisoma vibao vya historia mpaka mwisho bila kukumbuka hata neno. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema imetosha, maana wangerudi wapi? Kwao palikuwa hapo hapo, juu ya magurudumu.

"Tangu tulipopiga kambi Ngome ya Corliss silali vizuri," Marlys alisema walipokuwa wakila. "Na humu mna harufu. Kama blanketi la sufu lililonyeshewa mvua."

"Ni zulia."

"Zulia halinuki nyumbu wa mizigo, Verlyn."

Hata Verlyn harufu alikuwa ameisikia. Alikuwa amekisikia pia kipandio cha mlangoni kikilia usiku, kama kinavyolia mtu anapopanda, ilhali wote wawili wako kitandani. Akasubiri kilie tena, kama kinavyolia mtu anaposhuka, na hakikulia.

Alasiri hiyo walifika kambini, kwenye kiwanja chembamba chenye misonobari pande zote. Marlys alishuka kumwongoza mumewe arudi nyuma, kama walivyofanya katika kila kambi. Sheria yao ilikuwa moja: yeye husimama mahali anapoonekana kiooni, na asipoonekana, gari halisogei. Verlyn alitazama kioo cha kushoto, akauona mkono wa sweta ya njano ukimwita, njoo, njoo, akarudi taratibu, na mkono ukazidi kumwita, njoo, bado, njoo, kwa utulivu ambao Marlys hakuwa nao tangu magoti yaanze kumuuma, naye akaendelea kuufuata kwa kuwa alikuwa ameuamini mkono ule muda wote wa ndoa yao, mpaka aliposikia kutoka upande mwingine kabisa, nyuma ya gari, sauti ya mkewe ikilia jina lake kama mtu anayezama.

Alikanyaga breki. Alipofika nyuma alimkuta Marlys amebanwa mgongo kwenye mti, tumbo lake likigusa bampa ya gari, hana hata nafasi ya kuvuta pumzi vizuri. Alirudi mbio akalisogeza gari mbele.

"Nilikwambia simama!" Marlys alifoka. "Nimepunga mikono yote miwili!"

"Nimekuona kushoto. Unaniita. Sweta yako ya njano."

"Sweta ya njano iko nyuma ya kiti chako, Verlyn. Nimeitundika asubuhi."

Waliingia pamoja wakiwa wameshikana. Sweta ilikuwa palepale kwenye ndoano. Mkono wake mmoja ulikuwa umelowa, na ulinuka nyumbu.

"Tuliuze gari hili," Verlyn alinong'ona. "Leo hii."

"Tukalale wapi? Chini ya mti huo?" Marlys alimkazia macho. "Hebu sema. Pale ngomeni nilikuona ukiinua kikombe. Ulimwita nani?"

Basi akamweleza. Jioni ile walikuwa wametandaza viti vitatu, viwili vyao na kimoja cha mpita njia, kama desturi ya watu wa kambi. Kule kwenye mabomba ya moshi, mabaki ya nyumba za askari wa zamani, alimwona mtu wa koti refu, amesimama tu. Akainua kikombe: njoo ukae, kahawa ipo. Mtu hakuitika. Alipotazama tena hakumwona, ila kitambaa cha kiti cha tatu kilikuwa kimebonyea.

"Nikadhani upepo. Ila wakati wa kukikunja kilikuwa kizito."

Marlys alipandwa na hasira za kinyumbani kabisa.

"Umemwita mtu, hukumpa kahawa, hukumuaga, ukakunja kiti ukaondoka! Mama yangu angekufa kwa aibu. Mgeni asiyeagwa ataondokaje?"

Jua lilikuwa bado halijatua. Marlys alitandaza viti vitatu nje, akamimina vikombe vitatu, akakata keki. Waliketi. Kiti cha tatu kilibonyea, polepole. Marlys alizungumzia mvua, bei ya mahindi, na magoti yake, huku kahawa ya kikombe cha tatu ikipungua bila kuinuliwa. Kisha akajipiga mapaja kwa viganja, kama wanavyofanya kwao Minnesota wageni wanapotakiwa kwenda.

"Haya basi. Nadhani ndiyo hivyo."

Kitambaa kiliinuka.

Walimsindikiza, maana kwao hakuna kuagana pasipo kusindikizana, wakasimama kidogo mlangoni pa gari, wakasimama tena pembeni ya kambi, huku nyasi zikilala mbele yao hatua kwa hatua. "Ngome iko kusini," Marlys alisema kwa upole. "Jamaa zako wanakungoja huko. Safari njema." Nyasi zikaanza kulala kuelekea kusini, mbali, mbali zaidi. Harufu ikaisha. Marlys akapunga mkono, machozi yakimtoka kwa uchovu, na Verlyn akahisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu ngomeni. Akainua mkono naye. Na kinywa chake, kilichoaga wageni kwa namna moja tu tangu utotoni, kikafunguka chenyewe.

"Usipotee! Karibu tena!"

Mkono wa Marlys ulibaki hewani.

Kule mbali, nyasi ziliacha kulala. Zilitulia kidogo. Kisha zikaanza kulala upande huu.