Waya Uliopita Njia Isiyo Yake

"Mashine ya Himbi inachemuka. Pita sasa."

Ujumbe wa mkubwa wake uliingia saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Kaswera aliusoma mara moja, akaufuta. Nokia ikarudi ndani ya koti.

Alimgusa Benny begani.

"Himbi."

Benny alikuwa dereva wake wa pikipiki. Aliigeuza TVS yake katikati ya barabara, akapenya kati ya lori la jeshi na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba bibi kizee juu ya magunia. Novemba hiyo vita ilikuwa imeshuka kutoka Rutshuru, na watu walikuwa wameshuka mbele yake. Barabara ya kwenda Sake ilikuwa imejaa magodoro, mbuzi, masufuria na watoto waliofungwa migongoni. Magari yalikuwa yamesimama. Pikipiki tu ndiyo ilipita.

Kwa mashirika ya Himbi, mtaa wa Goma ulio kando ya ziwa, Kaswera alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa Butembo anayekuja na mkoba wake kupuliza vumbi, kubadilisha diski na kuongeza kumbukumbu. Kwa watu watatu ndani ya Huduma, idara ya upelelezi, alikuwa wakala mwenye jina la siri.

Vumbi.

Ndani ya mkoba, chini ya bisibisi na brashi, kulikuwa na sakafu ya pili. Hapo zilikaa redio ya Motorola na bastola ya Makarov yenye risasi nane.

Kompyuta aliyoitiwa ilikuwa na majina ishirini na saba. Ni watu wa Kalengera, huko Rutshuru, na vijiji vya jirani, walioona kwa macho yao bunduki zikiingia usiku na madini yakitoka kwa magari yaleyale. Walikuwa tayari kusema mbele ya jaji. Shirika dogo la Himbi liliandika majina yao na mahali walipofichwa, kwenye mashine moja tu. Haikuwa na intaneti. Matundu yake ya USB yalizibwa kwa gundi. Kaswera mwenyewe ndiye aliyeyaziba.

Na bado, ndani ya siku tisa, wawili walikuwa wameuawa. Jean de Dieu, mchungaji wa ng'ombe, kambini. Mama Mukamugema, nyuma ya kanisa alikolala. Wauaji hawakutafuta. Walifika moja kwa moja.

Marie-Louise, karani wa shirika, alimfungulia mlango akiwa na macho mekundu. Hakuwa amelala. Alisema hakumwambia mtu yeyote neno lolote, hata mume wake. Kaswera alimwamini. Alimwomba akae nje, akafunga mlango.

Alizima mashine. Akachomoa waya wa umeme. Akashika chuma ili mkono usibebe chaji. Akafungua skrubu nne.

Alisimama palepale.

Ndani kulikuwa safi.

Goma ina vumbi jeusi la volkano, linaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Mashine hii aliisafisha Agosti. Ilipaswa kuwa nyeusi. Lakini feni iling'aa. Aliinyanyua kutoka juu ya prosesa na kukuta grisi ya kupitisha joto imepakwa upya, tone dogo kama punje ya mchele.

Kisha aliona sanduku la umeme, lile linalolisha mashine nzima. Si lile aliloliacha yeye.

Alimwita Marie-Louise. Ndiyo, la zamani liliungua Oktoba, umeme ulipokuja kwa nguvu. Kaswera alikuwa Butembo, kwenye maziko ya mama yake. Walitafuta fundi mwingine, muzee mmoja mpole sana. Alifanya kazi ya saa mbili kwa malipo ya saa moja.

Kaswera alifuata waya kwa kidole. Waya wa data hutoka kwenye diski na kwenda moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa mashine. Huu ulikuwa umeingia kwanza ndani ya sanduku la umeme, ukatokea upande wa pili.

Sanduku la umeme halina haja ya kusoma diski.

Alifungua kifuniko chake. Nusu ilikuwa ya umeme kweli. Nusu nyingine ilikuwa kipande cha ubao wa kijani na antena fupi. Kila neno lililohifadhiwa kwenye diski lilirushwa hewani, kwa mtu aliyekaa jirani akisikiliza.

Nyaya zilifungwa kwa uzi wa gunia, fundo mara mbili, ncha zimechomwa kwa kiberiti. Kulikuwa na watu wawili tu Goma waliofunga hivyo. Mmoja alikuwa Kaswera. Wa pili alikuwa aliyemfundisha.

Papa Viateur.

Kaswera alikaa chini sakafuni. Miaka miwili alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha Birere, akijifunza kushika bisibisi. Muzee huyo mjane wa Rutshuru hakuwahi kuacha mashine ya mteja ikiwa chafu. Hakuna aliyemtuma kusafisha feni hii. Aliisafisha kwa sababu hakuweza kuiona vile na kuifunga.

Alichukua redio.

"Vumbi kwa Kiwanda."

"Sema." Ilikuwa sauti ya Kambere, mkubwa wake.

"Nimepata tundu. Linarusha. Mita mia mbili, mia tatu."

"Usiguse. Liache lifanye kazi. Nataka anayesikiliza."

Marie-Louise alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba asubuhi ile, saa mbili na nusu, aliandika maficho mapya ya Mama Nyiramahirwe. Alikuwa Lac Vert, kwa binamu yake. Hakuwa na simu.

Kaswera aliyarudia maneno hayo kwenye redio.

Kambere alisikika akimwuliza mtu hali ya barabara.

"Kikosi kitakufikia baada ya dakika arobaini," alisema Kambere. "Barabara imekufa."

"Na yule mama?"

"Mmoja kwa ishirini na wanne, Vumbi. Usiguse."

Kaswera alizima redio.

Alimtuma Benny Lac Vert kwa pikipiki. Kisha akaifunga mashine kama alivyoikuta, na sanduku lake, na waya wake. Akaiwasha. Akaketi mbele ya kioo na kuandika kwenye mstari wa Nyiramahirwe: amehamishwa saa tatu, yuko Himbi, nyumba ya bati la bluu karibu na ziwa, peke yake, mgonjwa.

Ilikuwa nyumba ya Huduma. Ilikuwa tupu.

Akahifadhi. Taa ndogo ya diski ilimeta mara tatu.

Kama walikuwa wameshaondoka kwenda Lac Vert, mwanamke mmoja angekufa na Kaswera angekuwa amekaa kwenye nyumba tupu. Alilijua hilo alipokuwa anakimbia njia ya mawe kuelekea ziwani.

Nyumbani mule alifunga mapazia. Akasimama nyuma ya mlango, Makarov mkononi.

Dakika kumi.

Kumi na tano.

Gari lilisimama nje. Mlango mmoja ulifunguka. Hatua zilikuja polepole, hatua za mtu mzima, mtu mwenye goti bovu.

"Mama Nyiramahirwe," sauti ilisema. "Ni miye, Viateur wa Rutshuru. Fungua, tuko watu wa nyumbani."

Ndiyo maana waliofichwa walifungua milango. Kaswera alielewa, na alitamani asingeelewa.

Alifungua kiasi cha mtu kupita.

"Ingia, Papa. Usigeuke."

Viateur aliingia. Alimwona, akaona na bastola. Hakushtuka. Mabega yake yalishuka tu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Kaswera. Kumbe ni weye."

"Beko wangapi pale inje?"

"Wawili. Na Umugwaneza. Eko nyuma, mu motokari."

Umugwaneza alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na sita. Kaswera alimjua tangu akivaa sare ya shule ya msingi.

Viateur alieleza kwa maneno machache. Walimchukua mtoto Rutshuru, vita ilipoingia. Wakamletea sanduku wakamwambia alifunge Himbi. Walimngoja kila mara, kwa sababu ni yeye aliyejua kupiga hodi. Hata asubuhi hii walikuwa kwenye kona wakimsubiri, wakaona kwenye kompyuta yao kwamba mama amehama.

"Ulijua kama banawaua?" Kaswera aliuliza.

Muzee alitazama sakafu.

"Ya kwanza sikujua. Baliniambia banataka kumuuliza tu. Ya pili nilijua."

Nje, honi ililia mara moja.

Hakukuwa na wakati wa hasira. Kaswera aliuliza nani ana bunduki. Mmoja tu, aliyekaa mbele. Dereva ni Patron, mgeni anayenunua madini.

"Enda useme mama hawezi kutembea. Yule wa bunduki aje amubebe."

"Na mutoto wangu?"

"Papa, enda."

Viateur alitoka. Kutoka mlangoni hadi kwenye geti kulikuwa na hatua ishirini. Kaswera alizihesabu zote. Aliona kupitia pazia muzee akiinama kwenye dirisha la gari, akizungumza. Hakusikia neno hata moja. Muzee angeweza kumuuza Kaswera hapohapo, kwa sentensi moja, na kumpata binti yake.

Mlango wa mbele wa gari ulifunguka.

Mwanaume mrefu wa koti la ngozi alikuja peke yake, mkono mmoja ndani ya koti. Alivuka kizingiti.

Kaswera alimpigia mlango kwenye kiwiko. Bastola ya mwanaume ilianguka. Alimpiga teke la goti, akamlaza, akambana shingo kwa mdomo wa Makarov. Mkono mwingine ulishatoa mkobani vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya. Viwili mikononi. Viwili miguuni. Kitambaa mdomoni.

Sekunde kumi na mbili.

Lakini Patron alikuwa amesikia kishindo. Injini ilinguruma. Land Cruiser nyeupe ilirudi nyuma, ikagonga nguzo ya geti, ikashika njia ya kutokea barabarani. Kwenye kioo cha nyuma Kaswera aliona uso wa msichana.

Viateur alikimbia nyuma yake akichechemea, akaanguka kwenye mawe.

Kaswera hakukimbia. Aliijua barabara ile. Alitembea.

Mita mia mbele, gari lilikuwa limesimama. Barabara nzima ilikuwa watu. Kundi la ng'ombe wa Masisi lilikuwa limeizunguka Land Cruiser pande zote. Patron alipiga honi, na ng'ombe mmoja aligeuza kichwa kumtazama. Hakuna aliyempisha. Watu wale walikuwa wametembea siku tatu, hawakuwa na mahali pa kusogea.

Kaswera alipita kati ya ng'ombe, mkoba begani. Aligonga kioo cha dereva kwa mdomo wa bastola.

"Mikono kwa volant."

Patron alitazama kisanduku cha mbele. Alitazama bastola. Akaweka mikono juu ya usukani.

Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na kompyuta ndogo, wazi. Majina ishirini na saba. Mawili yalikuwa yamepigwa mstari.

Nokia ililia ndani ya koti. Ilikuwa ni Benny.

"Niko Lac Vert. Mama Nyiramahirwe eko muzima. Anakataa kutoka mbele ya kumaliza kupika."

Kaswera aliegemea ubavu wa gari.

Kambere alifika kwa miguu na watu wanne. Hakugusia redio iliyozimwa. Wakawachukua Patron na mwenzake. Kisha akamvuta Kaswera pembeni, akamwambia kwa upole kwamba mikono kama ya yule muzee haitupwi, Huduma ingeweza kumtumia. Ripoti inaweza kusema alilazimishwa, basi.

"Alilazimishwa," Kaswera alisema. "Nitaandika hiyo. Na nitaandika nani alipiga hodi kwa Mukamugema."

Viateur alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono imefungwa, goti linatoka damu. Alisikia.

"Andika, mutoto wangu," alisema. "Andika yote."

Umugwaneza aliuliza baba yake atarudi lini. Aliuliza tena, safari hii akimtazama Kaswera.

"Sijui," Kaswera alisema. Akampa ufunguo wa nyumba yake. Msichana aliupokea bila kumtazama tena usoni.

Saa sita Kaswera alikuwa Himbi, mbele ya mashine iliyo wazi. Alilitoa lile sanduku, akalifunga ndani ya mfuko wa ushahidi. Akaweka jipya, la umeme tu. Akapeleka waya wa data kutoka diski hadi ubao mkuu, njia yake ya kawaida. Marie-Louise aliwasha, akasubiri. Majina yalitokea. Watu ishirini na tano waliobaki walitakiwa kuhamishwa kabla ya giza.

"Kiwanda kwa Vumbi. Ripoti."

"Tundu limezibwa."

"Kuna aliyekufa?"

"Leo, hapana."

Alizima redio, akaning'iniza mkoba begani, akatoka barabarani. Akaingia kati ya watu na kutembea nao kuelekea magharibi, kwa Mama Nyiramahirwe huko Lac Vert.