Viatu vya Kimutai vya Kuvulia Samaki

Kila asubuhi Chepkurui alipika uji kabla jua halijatoka. Mume wake, Kimutai, aliunywa akiwa amesimama mlangoni, akitazama ziwa. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja katika mstari wa vyumba vya mabati, karibu na Ziwa Naivasha. Walihamia hapo mwaka wa 1959, wakitoka upande wa Molo. Kule Kimutai alichunga ng'ombe wa mzungu. Hapa alitaka kujifunza kazi ya kuvua samaki.

Hawakuwa watu wa samaki. Kwao walikula maziwa, nyama na wimbi. Chepkurui alipoletewa samaki mara ya kwanza alimshika kwa kitambaa, kama mtu anayeshika sufuria ya moto, na majirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Hakujali. Kule Molo, Kimutai alilala kwenye kambi ya wachungaji, naye Chepkurui aliishi mbali kwa mama mkwe. Kazi ya ziwani ingewaweka pamoja chini ya paa moja. Hilo ndilo alilolitaka.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa bado haijawa yake. Makokha, kiongozi wa mashua, alikuwa anamjaribu kwanza. Alimpa kazi ya mbele. Mashua ikikaribia ufuko, mtu wa mbele huruka majini, hushika kamba na kuizuia mashua isirudishwe na upepo. Halafu hubeba makapu ya samaki mpaka nchi kavu. Ni kazi inayohitaji miguu imara.

Kimutai alivaa viatu vya ngozi ya ng'ombe. Baba yake alimkatia viatu hivyo kutoka ngozi ya dume ambalo Kimutai mwenyewe alilichunga alipokuwa mtoto. Alikuwa ametembea navyo kwenye miiba na baridi ya Molo, na havikuwahi kumwangusha.

Siku ya Ijumaa vilimwangusha. Aliruka majini vizuri, akashika kamba vizuri. Ngozi ikanywa maji. Alipoanza kubeba kapu, viatu vilikuwa laini na vyenye utelezi kama ulimi wa ng'ombe. Kisigino kikatoka upande, kikakanyaga ukingo wa jiwe, na Kimutai akaenda chini pamoja na kapu. Samaki waliokuwa bado hai walijirudia zao ziwani. Mwenzake Odero alicheka, akamwambia amewafungulia zizi. Makokha hakucheka.

Jioni ile Chepkurui alifikiri sana. Akaenda kwa jirani aliyekamua ng'ombe, akaazima gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira. Zilikuwa kubwa, kwa hiyo akajaza vitambaa kwenye ncha. Kimutai alizivaa Jumamosi kwa furaha. Alimwambia mkewe kwamba leo maji hayatagusa hata kidole chake.

Maji yaligusa vidole vyote. Pale ufukoni Kimutai aliruka, na maji yakapita juu ya gambuti, yakaingia ndani na kuzijaza. Chini kulikuwa na matope mazito. Alivuta mguu, mguu ukakataa. Alivuta wa pili, akaanguka kifudifudi, na kamba ikamponyoka. Upepo ukaigeuza mashua na kuisukuma kwenye mafunjo, mahali ambapo viboko hupenda kulala. Odero akaruka haraka, akaipata kamba. Safari hii hata yeye hakuwa na mzaha.

Makokha alingoja mpaka samaki wote waliposhushwa. Kisha akamwita Kimutai kando. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimwumiza Kimutai zaidi.

"Kijana, wewe una nguvu na huna uvivu," alisema. "Lakini kamba ikikuponyoka wewe, tunaopotea ni sisi wote. Jumatatu njoo mara moja tena. Ukianguka, rudi kwa ng'ombe."

Kimutai alifika nyumbani akiwa amebeba gambuti mkononi. Visigino vyake vilikuwa vyekundu kwa kusuguliwa, lakini ngozi ilikuwa haijachubuka. Chepkurui aliviosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akavikausha vizuri. Alitaka kumwuliza kama watarudi Molo. Aliendelea kukausha visigino ambavyo vilikuwa vimekwisha kukauka.

Ndipo Akeyo, mke wa Odero, akaingia. Akeyo alizaliwa na kukulia kando ya ziwa kubwa la Nyanza, na habari zote za mashua zilimfikia kabla mashua haijafungwa.

"Shemeji," alisema, "nasikia leo umefuga matope ndani ya gambuti."

Kimutai alijaribu kutabasamu. Akeyo akavuta kigoda, akaketi, akaomba kuviona vile viatu vya ngozi. Aliviminya kwa kidole. Bado vilikuwa na maji ndani.

"Nyinyi watu wa ng'ombe mnajua ngozi kuliko mimi," alisema. "Kabla ya kuikata na kuikunja, mnaifanyia nini?"

"Tunailoweka," Kimutai akajibu.

"Kwa nini?"

Kimutai akavitazama viatu. Wanailoweka ili iwe laini. Alijua jambo hilo tangu utotoni, na bado aliingia ziwani na viatu vya ngozi. Akasema polepole kwamba kule kwao viatu vilikuwa vya kutembelea nchi kavu, na mto walivuka wakiwa wamevishika mkononi.

"Basi vibaki vya nchi kavu," Akeyo alisema. "Baba yako hakukosea. Alikukatia viatu vya njia ya ng'ombe."

Chepkurui aliuliza kama haingekuwa afadhali mumewe aende miguu mitupu, maana Makokha mwenyewe havai kitu. Akeyo akatikisa kichwa. Alisema Makokha ana makovu ya mawe yale meusi ya ufukoni, yanayong'aa na kukata kama chupa, na kwamba miiba ya mgongo wa samaki imemchoma mara nyingi. Makokha amezoea kuumia tu. Tena mtu mwenye kidonda mguuni hatakiwi kuingia ziwani, kwa hiyo kila jeraha linamtoa kazini. Kuhusu gambuti, alieleza kwamba ni nzuri kwa zizi lenye matope na kwa umande wa shambani. Lakini maji yakishaingia kwa juu, hayana pa kutokea, na mtu hubeba ndoo mbili miguuni.

"Unataka kiatu kinachoruhusu maji kuingia, na kinachoyaruhusu kutoka," alisema. "Maji hayana neno. Neno ni kuteleza, kuchomwa na kuvuliwa kiatu na matope. Nendeni kwa Kang'ethe sokoni, mwambieni awakatie akala."

Akala ni viatu vya tairi la gari. Kang'ethe alivikata pembeni mwa soko la Naivasha, akiwa amezungukwa na tairi kuukuu. Walimkuta jioni ile ile. Akeyo alikuwa amewaambia wasiende asubuhi, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kazi ya mchana, na kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana jioni.

Kang'ethe alitaka kuwapa akala zilizokuwa tayari. Chepkurui alizigeuza, akaona chini zimelika na kuwa laini kama sahani. Akaomba zikatwe kutoka tairi ambalo bado lina meno, ili zishike kwenye mawe. Akaomba soli iwe pana kidogo kuliko mguu, vidole visitokeze nje. Mikanda iwe ya mpira wa ndani wa tairi, si ya ngozi. Na mkanda mmoja upite nyuma ya kisigino, ili matope yasiweze kukivua kiatu.

Zilipokwisha, Chepkurui alipitisha kidole ndani kutafuta ncha za misumari. Alipata moja, na Kang'ethe akaigonga ikalala. Halafu Chepkurui akachukua mtungi wa maji, akaimwagia miguu ya mumewe, viatu vikiwa miguuni.

"Ruka," alimwambia.

Kimutai aliona haya. Watu walikuwa wanatazama.

"Ruka, baba. Afadhali uanguke hapa."

Akaruka. Akaruka tena. Kisigino hakikuinuka, na mguu haukuteleza mbele. Kang'ethe alisema ameuza viatu miaka mingi, lakini hajaona wateja wakiviogesha kwanza.

Jumapili Kimutai alizunguka nazo nyumbani ili zilegee. Mahali mkanda ulipokwaruza, walipunguza ukali wake kwa kisu.

Jumatatu upepo uliamka mapema. Mashua ilirudi nzito, na mawimbi yalikuwa yanaisukuma huku na huku. Kimutai aliruka. Maji yakaingia kwenye akala, yakatoka. Alikanyaga matope, akavuta mguu, na mguu ukaja na kiatu chake. Akaizungusha kamba mkononi, akaegemea nyuma kwa uzito wote. Mashua ilivuta, kisha ikatulia. Akabeba kapu la kwanza juu ya mawe meusi, akarudi kuchukua la pili. Hakuna samaki aliyerudi ziwani.

Makokha alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mashua, akikausha nyayo zake zenye makovu. Alitazama miguu ya Kimutai kwa muda mrefu.

"Huyo fundi," aliuliza, "mguu mpana kama wangu anaweza?"

"Anaweza, mzee. Lakini uende jioni."

Makokha akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja nyavu. Bila kuinua macho akasema, "Kesho tunatoka mapema zaidi. Usinifanye nikungoje."

Chepkurui alikuwa mlangoni. Alipomwona mumewe kwa mbali alitazama kwanza miguu yake, kisha uso. Kimutai alipita kando yake, akachota maji, akaketi kuosha mchanga kwenye akala. Aliziosha taratibu, mkanda kwa mkanda, akazisimamisha kivulini ukutani zikauke kabla ya asubuhi.

Chepkurui aliingia ndani, akashusha kutoka ukutani furushi la nguo ambalo lilikuwa bado limefungwa tangu siku walipohama, akaanza kulifungua.