Viinitete Vitatu vya Kananu

— Unataka watoto wangu wawe dawa ya macho yako?

Kananu alisema hivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nyumbani kwao mtaa wa Dallas, mjini Embu. Mumewe, Kobia, aligeuza kichwa pembeni kidogo kabla ya kumjibu. Siku hizi ndivyo alivyomtazama mtu. Ugonjwa wa kurithi ulikuwa unayala macho yake kuanzia katikati, na uso wa mkewe ulikuwa umebaki doa la kijivu.

— Haitanifikia mimi, alisema. Hiyo ni kazi ya miaka.

Yote yalianzia kwa simu ya kliniki moja ya Nairobi. Huko ndiko walikosaidiwa kupata mtoto baada ya kuhangaika sana. Mayai ya Kananu yalirutubishwa kwenye maabara; kiinitete kimoja kikawa binti yao Makena, vitatu vikagandishwa. Lakini wakati wa kujifungua Kananu alivuja damu vibaya, madaktari wakamtoa kizazi ili aishi. Sasa kliniki ilitaka kujua: viendelee kuhifadhiwa, viyeyushwe na kutupwa, au wapewe watafiti?

Kobia alijibu peke yake: watafiti.

Kananu alimchukua Makena wakaenda Kanyakine kwa mamake, Lenah. Ujumbe wake ulimpata Kobia kwenye kibanda chake sokoni, akimpimia mteja viazi kutoka Kibirichia. Kwa kuwa hakuweza tena kusoma, simu ndiyo iliyomsomea, kwa sauti, mteja akisikia:

“Ungeniuliza tu. Usinipigie.”

Jioni hiyo alipiga simu kliniki akafuta jibu lake. Jumamosi akaenda Kanyakine. Lenah alimpa chai, akawaachia sebule.

— Nimewaambia wasiviguse, Kobia alisema. Vikae hata miaka mia.

Kananu akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kila Makena akiomba ndugu, yeye huwafikiria hao watatu, na amewapa hata majina.

— Nilidhani umeshasahau, Kobia alisema. Hukuwataja hata siku moja.

— Ningewataja kwa nani? Wewe hata kliniki hukutaka isemwe.

Kobia alikubali hilo. Kisha akaeleza alichoambiwa na daktari wake wa macho kule Meru. Kiinitete cha siku tano kina seli ambazo bado hazijachagua kazi. Watafiti wanaweza kuzikuza ziwe seli za jicho. Wagonjwa wachache wamewekewa kwa majaribio. Bado si tiba, na huenda isiwe.

— Mimi nimezoea, Mama Makena. Lakini huu ugonjwa ni wa kurithi. Ukimshika Makena tutamwambia nini?

Hapo Kananu alilia. Alisema yeye mwenyewe anataka kumuuliza daktari wa kliniki.

Wiki iliyofuata walikaa pamoja mbele ya daktari wa kliniki. Kananu aliuliza maswali yake bila haraka. Vitapandikizwa kwa mwanamke mwingine? Hapana. Seli zikitolewa, kiinitete kinabaki? Hakibaki, daktari alisema, na hakuzungukazunguka. Tiba ikipatikana, Makena atapewa kipaumbele? Hapana, wala majina ya wazazi hayatajulikana.

— Naweza kuviona?

Daktari alifungua picha zilizopigwa siku vilipogandishwa. Kobia alisogeza kichwa huku na kule lakini hakupata kitu.

— Niambie, alimwomba mkewe.

Kananu alitazama kwa muda mrefu.

— Ni viduara. Ndani kuna vitone vingi vimeshikana.

— Wanafanana na nani?

— Bado hawafanani na mtu.

Alimshika mumewe mkono chini ya meza. Safari hii Kobia alimngoja.

— Tuwape, Kananu alimwambia daktari. Lakini andika tumeamua wawili.

Walipotoka Kananu alimpigia Lenah, akamwomba amfungashie Makena nguo zake. Wangeenda kumchukua, warudi wote nyumbani Embu.