Mlinda-lango

Kwenye ukuta wa nuru, seli za saratani zilikuwa zikijigawa na kufura kama povu la pombe. Dkt. Subilaga Mwakibete akadondosha tone moja kwenye sahani yao. Zikasimama zote.

"Hakuna inayogawanyika," mashine-msaidizi ikatangaza.

Kila seli, kabla ya kugawanyika, hupita kituo cha ukaguzi. Maagizo ya urithi yakiwa yameharibika, kimeng'enya fulani hubandika alama za fosfeti kwenye protini nyingine, na alama hizo ndizo amri ya kungoja. Subilaga alichukua jeni ya kimeng'enya hicho kutoka kwa binadamu, akaipandikiza kwenye hamira, na mapipa ya maabara yake jijini Mbeya yakakizalisha kwa wingi. Akakiita Mlinda-lango. Kilikuwa cha utafiti tu.

Kisha mjomba wake Ambakisye, fundi wa reli ya angani aliyemlea tangu mama yake afariki, akapatikana na uvimbe kwenye ini. Madaktari wakanyoosha mikono.

"Mwanangu, hiyo dawa yako hainifai?"

"Si dawa, Mjomba."

"Basi ifanye iwe."

Akaifanya. Lakini sahani moja ilimwonya: seli za ngozi yenye afya, zilizopaswa kuamka Mlinda-lango akiondolewa, hazikuamka. Subilaga akajiambia sahani imeingia uchafu, akaitupa. Jopo la maadili halikuambiwa, wala mgonjwa. Vibebadawa, roboti ndogo kuliko vumbi zilizodungwa kwa sindano, vikampeleka Mlinda-lango kwenye ini. Vingine vikapotea njia, vikasambaa mwilini.

Uvimbe ukalala. Ukoo ukafanya sherehe, kwaya ikaimba uani, na Ambakisye akamkumbatia mpwa wake mbele ya watu wote. Hapo ndipo Subilaga alipoona jeraha la wembe kidevuni mwake, bichi.

"Umejikata leo, Mjomba?"

"Hili? La mwezi uliopita. Uzee huo!" Akacheka.

 Subilaga akamshika mkono, akamwingiza chumbani na kufunga mlango.

"Si uzee. Ngozi yako haijifanyi upya. Matumbo na damu vitafuata. Mlinda-lango amezisimamisha hata seli zenye afya." Akaegemea mlango. "Nilijua huenda ikawa hivi."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya sindano."

Mzee akakaa kitandani taratibu. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungekataa, nami nikupoteze."

"Ningekubali," akasema. "Ningekubali, Subilaga. Lakini ningekubali mimi."

Subilaga akatamani mjomba amtukane, ampige hata kofi. Mzee hakufanya lolote. Aliuliza tu kama kuna njia ya kurudi.

"Ipo. Nina kifungua-lango. Kitaiamsha ngozi, na uvimbe pia utaamka."

"Nisipokitumia?"

"Utakufa kwa vidonda, Mjomba. Sijui ni lini."

Nje kwaya ilikuwa imeanza kumtaja Subilaga kwa jina, ikimshukuru Mungu kwa mikono yake. Subilaga akaziba masikio. Ambakisye akaitoa mikono ile masikioni, mmoja mmoja, bila hasira.

"Safari hii nitachagua mwenyewe," akasema. "Na sitachagua peke yangu."

Akafungua mlango, akamwita mkewe. Mama Sikitu akaja mbio, uso ukimeremeta, akijifuta mikono kwa khanga.

"Keti, mke wangu," Ambakisye akasema. "Mtoto ana neno. Subilaga, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Usiache kitu."