Posa Iliyojibiwa na Mbunge

Machinjioni Vingunguti saa moja asubuhi, ukizubaa unagongwa na ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Nusura imkute Tusajigwe Lusungu siku ile, miaka sita nyuma, kabla hata udiwani hajauwaza. Alikuwa amesimama katikati ya njia, gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe. Raba nyeupe, Vingunguti, jamani! Daftari kifuani, macho kwenye foleni ya akina mama waliokuja kununua utumbo na kongoro za supu. Nyuma yake mbebaji anakuja mbio, paja zima begani, anapiga mluzi. Mkono ukamvuta pembeni.

"Dada, hapa ukizubaa unauzwa kwa kilo."

Aligeuka akakutana na koti jeupe, buti za mpira, na macho ya mwanamume asiye na haraka hata kidogo, mahali ambapo kila mtu ana haraka.

"Asante. Na wewe daktari wa hospitali gani?"

"Wagonjwa wangu wote wamekwisha kufa. Mkaguzi wa nyama mie. Naitwa Adelard."

Tusajigwe alicheka mpaka daftari likamponyoka. Alipoliokota akaona bora atumie nafasi. Wauza supu walikuwa wanafukuzwa pembeni ya barabara, masufuria yao yanamwagwa na mgambo, naye alikuwa anakusanya saini za kuwatetea. "Nisainie hapo, kaka. Haraka tu."

Adelard akalichukua daftari na kulisoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili.

"Ee! Unasoma kama una mtihani?"

"Mie sigongi muhuri kabla sijaona ndani," akasema, akaendelea kusoma. Alipomaliza akasaini, akaongeza namba ya simu ambayo hakuombwa.

Basi ndo ikaanza. Nimeshaona mapenzi mengi ya mjini, ya kugombania chaja na ya kupekuliana simu, lakini yale yalikuwa matamu mpaka yakawa yanatuudhi sie majirani. Jioni Adelard alioga, akajisugua limau, akavaa shati lake la bluu lililopigwa pasi, akapanda kwenda Segerea kwa akina Tusajigwe. Wakawa wanatembea tu, polepole, hawana wanakokwenda. Upepo wa jioni unapita, mtu anakaanga samaki mahali fulani, redio inaimba kwa jirani.

"Bado unanukia Vingunguti," Tusajigwe alimwambia.

"Basi sogea mbali."

"Nani kasema nasogea?" Pua akaiacha palepale shingoni.

Mapambano yale yalikula miaka mitatu. Tusajigwe alilala mahabusu siku mbili, na Adelard alimpelekea supu kwenye chupa ya chai. Alipotoka alibishana na maofisa, akaandika barua mpaka mkono ukavimba, na mwisho akina mama wakatengewa eneo lao, lenye bati na bomba la maji. Siku ile walimbeba juu juu. Waliombeba ndio hao hao waliokwenda kumchukulia fomu ya ubunge. Kampeni aliifanya kwa miguu, kilemba cha kitenge, sauti imekauka, na Adelard nyuma yake na chupa ya maji. Alishinda. Nasi tulicheza barabarani mpaka viatu vikakatika.

Dodoma ikamchukua. Wakabaki na simu.

"Sikiliza," Tusajigwe alimwambia jioni moja, akatoa simu dirishani. "Unausikia upepo wa huku?"

"Nausikia. Na wewe sikiliza." Adelard akainua simu yake kuelekea bati. Mvua ya Vingunguti ilikuwa inanyesha kwa utulivu, na Tusajigwe akafumba macho, akaiona nyumba, akauona mlango, akamwona mtu wake amekaa kitandani na soksi mguu mmoja.

"Mheshimiwa Mbunge, nina swali la nyongeza."

"Uliza, mkaguzi wangu."

"Je, Serikali ina mpango gani na moyo wangu?"

Tusajigwe alicheka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Swali hilo mpelekee Mwalimu Lusungu. Kwa maandishi."

Adelard hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Mwalimu Lusungu, baba yake Tusajigwe, mstaafu wa watu, Mnyakyusa wa taratibu. Kwake hupeleki neno la posa mwenyewe. Adelard aliiandika barua mara tano, akairudia mara ya sita kwa kalamu mpya, nyuma ya bahasha akaweka jina na anwani yake, akamkabidhi mshenga, mzee Gaspar, mchinjaji mstaafu mwenye suti moja tu, ya kahawia.

Sasa hapa ndipo mambo yalipokwenda kombo. Tangu binti awe mbunge, nyumba ya Mwalimu iligeuka kituo cha barua. Mtu anaomba ada, mwingine kazi, mwingine daraja. Mwalimu alichoka. Akaweka mfuko wa sandarusi mlangoni, kila Ijumaa unakwenda ofisini kwa mbunge kama ulivyo. Jumapili ile Gaspar alipofika, Mwalimu alikuwa kanisani. Nyumbani yupo shangazi, bibi Flaviana, aliyekuja kutoka Tukuyu kutibiwa miguu.

"Shikamoo, mama. Nina barua ya Mwalimu."

"Marahaba. Ya nini?"

Gaspar akajinyoosha ndani ya suti yake. Mshenga gani anataja posa kwa mwingine kabla ya mwenye binti? "Mwalimu mwenyewe ataiona," akasema, akaikabidhi kwa mikono miwili, akaondoka kifua mbele. Bibi Flaviana akaitazama bahasha, akasema moyoni, haya, mwingine tena huyu. Akaitumbukiza kwenye mfuko.

Baada ya wiki tatu jibu likamfikia Adelard. Bahasha rasmi, karatasi yenye nembo. Ilisomeka hivi:

"Yah: Maombi yako. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua yako imepokelewa. Kwa kuwa maombi ni mengi, lako litafanyiwa kazi kadiri nafasi itakavyoruhusu. Nakutakia ujenzi mwema wa Taifa."

Chini yake, kwa wino wa bluu, sahihi ya Tusajigwe. Ile T yenye mkia mrefu, anayoijua kuliko uso wake.

Alikaa kitandani. Kwanza alicheka, akidhani ni utani wao. Akaisoma tena, kicheko kikamkauka. Mezani palikuwa na barua nyingine aliyoikalia mwezi mzima, ya uhamisho kwenda Sumbawanga, ambayo alikuwa anaikwepa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Akaisaini.

Simu iliyofuata ilikuwa baridi.

"Mambo, mpenzi?"

"Salama, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa ndo nani? Ade, mie Tusa!"

"Najua unapokea mengi, Mheshimiwa. Sitaki kukuchelewesha."

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Nakutakia ujenzi mwema." Akakata.

Tusajigwe alibaki ameshika simu kwenye korido, suti yake ya kijivu, kitambulisho shingoni, wenzake wanapita wanamsalimia na yeye hasikii. Tangu alipomwambia "kwa maandishi" alikuwa anasubiri. Kila akimpigia baba anauliza, "Hamna mgeni aliyekuja?" na baba anajibu hamna. Akawa amejiaminisha kwamba mwanamume kaogopa cheo. Wangapi wamekimbia mwanamke mwenye cheo? Alilia chooni kidogo, akanawa, akarudi ukumbini.

Ijumaa hakuvumilia tena. Alipanda treni ya mchana, kutoka stesheni moja kwa moja Vingunguti. Mlango wa Adelard ulikuwa wazi. Begi kitandani, shati la bluu limekunjwa juu.

"Unakwenda wapi?"

"Sumbawanga. Jumatatu."

"Bila kuniambia? Ade, kama umenichoka si useme tu! Nimekusubiri mpaka nimejidharau. Barua moja tu imekushinda?"

Adelard akamtazama sana. Akafungua mfuko wa pembeni wa begi, akamkabidhi karatasi yenye nembo. "Haikunishinda. Nilijibiwa."

Tusajigwe alisoma. Alipofika kwenye sahihi yake akakaa sakafuni na suti yake ya kijivu. Akilini akaliona gari likienda stesheni siku ile, akamwona Stanley, katibu wake, kamwekea rundo la barua mapajani, anamfunulia pembe ya chini tu, "saini, saini, Mheshimiwa, treni inaondoka." Akakumbuka pia ni nani, kama si yeye, aliyemwambia Stanley achukue majina nyuma ya bahasha na kuandika jibu la aina moja.

"Ni makosa ya ofisi," alianza, akajikatisha. "Hapana. Nilisaini mwenyewe. Sikusoma. Mie, Ade! Mie niliyekuwa nakesha nje ya ofisi za watu kwa sababu hawasomi barua zetu!"

"Zilikuwa ngapi?"

"Mia tatu na kitu."

Adelard akaketi naye sakafuni. Hasira ilikuwa imemwisha, na sauti yake ikatoka polepole. "Mie nina namba yako ya simu, Tusa. Nikikununia, unapanda treni. Wale wengine hawana namba yako."

Hapo ndipo Tusajigwe alipolia kwelikweli, kifuani kwake, machozi na kamasi, limau na Vingunguti. Adelard akamshika kichwa. Nje wanawake wanapita na ndoo zao, wanachungulia, wanasogea.

"Usiende Sumbawanga."

"Nimeshasaini. Na mie nilisoma kwanza." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nitakwenda, mpenzi. Ng'ombe wapo na kule. Nataka nijue tu naondoka nikiwa nani wako."

Jumamosi Tusajigwe alifungua ofisi, akavua viatu, akamwaga mfuko mzima wa barua sakafuni. Bahasha nyingi hazikuwa zimefunguliwa. Alisoma kutwa. Mjane anaomba barua ya kumtambulisha hospitali. Mama mmoja wa Vingunguti analalamika bomba la eneo la supu limekauka miezi miwili. Alipiga simu moja moja, anajitambulisha, anaomba radhi, wengine wanamtukana, anasikiliza. Bahasha ya Adelard aliiona alasiri. Ilikuwa na jina la baba yake, kwa hiyo hakuifungua. Aliishika kifuani kidogo, akaiweka kando irudi kwa mzee Gaspar, kisha akaendelea na ya mjane.

Jumapili alasiri mzee Gaspar alirudi Segerea na suti yake ya kahawia. Safari hii hakumpa mtu barua, alimsubiri Mwalimu mpaka akatoka chumbani. Adelard hakuruhusiwa kuingia, ndo taratibu, akaketi dukani ng'ambo ya barabara na soda. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, akarudia mwanzo. Akamwita binti yake. Tusajigwe akaja na khanga kiunoni, akapiga magoti mbele ya baba.

"Unawafahamu watu hawa?"

"Nawafahamu, baba."

"Wanachokitaka unakijua?"

Tusajigwe alifungua mdomo, maneno yakagoma. Mbunge mzima! Gaspar akaanza kujikuna shingo. Mwalimu, ambaye hajawahi kukosa hata kikao kimoja cha Bunge kwenye televisheni, akavua miwani, akakohoa.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," sauti ikatoka ndogo, imeloa machozi.

"Sijasikia."

"Ndiyo, baba!"

"Wasioafiki waseme siyo."

Mwalimu akavuta pumzi atangaze matokeo, lakini bibi Flaviana, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia na miguu yake mibovu, hakumsubiri. Alipiga kigelegele kirefu kikatoka dirishani, kikavuka barabara.

Dukani, Adelard alisimama ghafla, soda ikamwagika kwenye shati la bluu.

"Kaka, kwa Mwalimu kuna nini?" muuza duka akauliza.

"Nimejibiwa," Adelard akasema.